Ana mabawa, mbona haruki? Jinsi pengwini alivyoiacha anga akaichukua bahari

Oktoba 2024 shirika la IUCN, linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini duniani, lilimweka pengwini wa Afrika kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Ndege huyu anaishi Namibia na Afrika Kusini tu, na jozi zinazozaliana ambazo zimebaki hazifiki 10,000. Habari hiyo ilipofika kwenye simu zetu, swali nililolisikia mara nyingi zaidi lilikuwa hili: kama dagaa wamepungua pale alipo, na mabawa anayo, mbona asiruke akatafute kwingine? Wapo waliojibu kwamba mabawa yake yalikufa kwa kutotumika. Wapo walioshikilia kwamba huyo si ndege kabisa, ni samaki anayetembea. Na kijana mmoja aliuliza kwa dhati, anaishije Afrika bila barafu?

Yote haya yana mzizi mmoja. Tumezoea kumwona pengwini kama ndege aliyepungukiwa na kitu, aliyenyimwa au aliyepoteza. Ukianza hapo, kila kitakachofuata kitakupotosha.

Tusafishe kwanza maneno. Kiswahili kinatumia kuruka kwa chura anayechupa na kwa mwewe anayepaa. Pengwini, ambaye baadhi ya vitabu vyetu humwita ngwini, huchupa vizuri sana. Anaweza kuchomoka majini akatua juu ya mwamba au barafu. Asichoweza ni kupaa, yaani kujishikilia hewani kwa mabawa. Ninaposema kuruka katika makala haya, namaanisha huko kupaa. Neno la pili ni mageuko: mabadiliko ya kurithiwa yanayojilimbikiza katika ukoo wa viumbe, kizazi baada ya kizazi, kwa maelfu na mamilioni ya miaka. Ndege mmoja hageuki. Anazaliwa alivyo na anakufa alivyo. Kinachogeuka ni ukoo.

Na ndiyo, pengwini ni ndege. Ana manyoya mwili mzima, ana mdomo usio na meno, anataga mayai na kuyaatamia, na anavuta hewa kwa mapafu. Akishikiliwa chini ya maji muda mrefu kupita uwezo wake, atakufa maji kama wewe na mimi.

Sasa tuanzie karibu na nyumbani. Aliyewahi kukaa ufukweni Mwanza au Kisumu anamjua mnandi, yule ndege mweusi mwenye shingo ndefu anayesimama juu ya mwamba mabawa yakiwa yametandazwa kama nguo kwenye kamba. Anayaanika. Manyoya yake yanaloa maji kuliko ya bata, na hilo linamsaidia, kwa sababu ndege anayeruka ni mwepesi mno kuzama. Jaribu kulisukuma chini ya maji dumu tupu la lita 20 utaelewa: linakataa, linakurudishia mkono. Ndege wa angani ni dumu tupu. Mifupa yake mingi ina uwazi ndani, na manyoya yake yanabeba hewa. Mnandi hupunguza hewa hiyo kwa kuloa, kisha hupiga miguu yake yenye utando na kumfukuza samaki. Akitoka, inabidi ajikaushe.

Mnandi basi anaishi mapatano. Anaruka, lakini kwa kazi kubwa. Anazama, lakini si kwa kina kikubwa sana. Viumbe wengi wameishi hivyo miaka na miaka, na si lazima mapatano hayo yavunjike. Kwa babu zake pengwini yalivunjika, na ili kuona sababu inabidi tuingie jikoni.

Chukua upepeo wa ukili unaopulizia jiko la mkaa. Ni mpana, ni mwepesi, na ukiutikisa unasukuma hewa nyingi. Sasa usongee ugali kwa upepeo huo. Utapinda au utavunjika, na mkono utakuuma kabla ugali haujashikana. Chukua mwiko: mwembamba, mnene, mgumu. Ugali unasongeka. Lakini jaribu kupulizia jiko kwa mwiko, utakesha. Hewa na ugali vinataka vyombo viwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyopo kati ya anga na bahari. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Bawa la kurukia linapaswa kuwa pana na jepesi, lenye manyoya marefu. Bawa la kuogelea linapaswa kuwa fupi, bapa na gumu.

Wapo ndege wanaotumia bawa moja kwa kazi zote mbili. Gilemoti, ndege wa bahari za kaskazini mwenye uzito wa karibu kilo moja, hupaa hadi mbali na pwani, kisha hujitosa na kuogelea kwa kupiga mabawa yaleyale, akishuka hata zaidi ya mita 100. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vya nguvu anayotumia. Akiwa chini ya maji anatumia nguvu kidogo kwa kiasi cha kushangaza, si mbali sana na pengwini wa ukubwa unaolingana naye. Lakini akiruka, anatumia nguvu mara 31 ya ile anayotumia akiwa ametulia, kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vimewahi kupimwa kwa ndege wakati huo. Ukimtazama akiruka unaiona taabu hiyo: mabawa yanapigwa harakaharaka bila kupumzika, hana hata dakika ya kuelea juu ya upepo kama shakwe.

Gilemoti anasimama ukingoni. Kila hatua inayolifanya bawa lake liwe mwiko mzuri zaidi inaliharibu kama upepeo. Bado anaruka kwa sababu anahitaji kufika mbali upesi, na kwa sababu anatagia majabali ambayo hayafikiki kwa kutembea. Ukiviondoa vitu hivyo viwili, au ukivipunguzia umuhimu, hesabu yake inageuka.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mimi naliona kuwa kiini cha habari yote, na ambalo halisemwi mara nyingi: ukubwa wa mwili. Ndege anayerukia na kuogelea kwa mabawa yaleyale hawezi kunenepa. Karibu na kilo moja hivi kazi ya kuruka inakuwa ghali mno. Lakini baharini mwili mkubwa ni neema. Unahifadhi joto vizuri zaidi katika maji baridi. Unabeba oksijeni nyingi zaidi katika damu na misuli, kwa hiyo unakaa chini muda mrefu zaidi. Ukoo ukishaacha kuruka, kizuizi cha uzito kinaondoka kwa mpigo, na mlango wa kina unafunguka. Pengwini mkubwa kuliko wote walio hai leo, yule wa Antaktika aitwaye pengwini kaizari, anaweza kufikisha hata kilo 40. Amepimwa akiwa mita 564 chini ya maji, na mwingine alikaa chini kwa zaidi ya dakika 32 bila kuvuta pumzi. Kwa kulinganisha, Ziwa Victoria mahali penye kina kirefu kabisa ni karibu mita 80.

Kwa hiyo hakuna kizazi kilichoamka kikajikuta hakiwezi kuruka, kisha kikatafuta kazi nyingine ya kufanya. Mpangilio ulikuwa kinyume. Walianza kuogelea wakiwa bado wanaruka, na kuogelea kulipolipa zaidi kuliko kuruka, bawa likaelekea majini.

Twende basi kwenye ile hoja ya bawa kufa kwa kutotumika, kwa sababu inarudiwa sana, hata na watu waliosoma. Mama zetu na bibi zetu wametogwa masikio vizazi kwa vizazi katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Hakuna mtoto wa kike aliyezaliwa na tundu la herini tayari. Kinachotokea kwenye mwili wa mzazi, iwe kutumia kiungo au kutokitumia, hakiandikwi katika vinasaba anavyorithisha. Urithi unakwenda kwa njia nyingine, na mkulima anaijua. Baada ya mwaka wa ukame anachagua mbegu kutoka kwenye mashina yaliyostahimili, anazipanda, na baada ya misimu mingi shamba lake linakuwa na mahindi yanayovumilia kiu. Hakuna shina hata moja lililojifunza kuvumilia. Yaliyoshindwa hayakuacha mbegu, basi.

Kwa pengwini, bahari ndiyo iliyokuwa ikichagua mbegu. Katika kila kizazi walikuwepo wenye mabawa mafupi kidogo na magumu kidogo. Hao walizama vizuri zaidi, wakalisha makinda wengi zaidi, na makinda wakarithi mabawa hayo. Hakuna aliyeamua.

Mwili wa pengwini wa leo unaonyesha wazi kwamba bawa lake lina kazi. Mfano mzuri wa kulinganisha uko kwenye sufuria yako. Ukitoa minofu ya kidari cha kuku, chini ya nyama ile nene utakutana na kipande chembamba kirefu kinachochomoka karibu chenyewe. Nyama nene ndiyo inayolishusha bawa. Kile kipande chembamba ndicho kinachoinua. Kwa kuku kinyanyuzi hicho ni kidogo, maana kuliinua bawa hewani si kazi kubwa. Kwa pengwini ni kinene, kwa sababu majini kupandisha bawa ni kazi nzito kama kulishusha, na pigo zote mbili zinamsukuma mbele. Kisha tazama mfupa wa kati wa kidari, ule uliochongoka kama mkuku wa jahazi, ambao misuli hiyo hushikilia. Pengwini anao, tena imara. Mbuni hana, kifua chake ni bapa kama chelezo. Mbuni ndiye aliyeacha kweli kuyatumia mabawa kwa safari. Pengwini angali anaruka kwa maana ya misuli yake, ila anaruka ndani ya maji.

Bawa lenyewe limegeuzwa kasia. Mifupa yake imekuwa bapa, viungo vya kiwiko na kifundo vimekazana, na hawezi kulikunja kama njiwa. Manyoya marefu ya kurukia hayapo. Yapo madogo, mafupi, yaliyobanana kama magamba. Mifupa ya mwili imejaa, haina ule uwazi mkubwa wa ndege wa angani, kwa hiyo dumu sasa lina uzito wake. Na rangi zile, mgongo mweusi na tumbo jeupe, zinamsitiri: ukimtazama kutoka juu anapotea katika giza la kina, ukimtazama kutoka chini anapotea katika mwanga wa juu.

Haya yote yalianza lini? Kisukuku ni mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, na visukuku vya pengwini wa kale kabisa wanaojulikana vizuri vimepatikana New Zealand, katika miamba iliyo kandokando ya mto Waipara. Waliitwa Waimanu, na waliishi yapata miaka milioni 60 iliyopita, muda mfupi kwa hesabu za miamba baada ya madinosauri kutoweka miaka milioni 66 iliyopita. Pamoja na madinosauri walikwenda wanyama watambaao wakubwa waliokuwa wakiitawala bahari. Nyangumi na sili walikuwa bado hawajatokea. Bahari ilikuwa na samaki na nafasi. Wanasayansi wengi wanaiona nafasi hiyo kuwa sehemu ya maelezo, nami nakubaliana nao, ingawa pengwini aliyekuwa akiruka bado hajachimbuliwa: Waimanu mwenyewe tayari alikuwa haruki. Tunachojua ni kwamba vinasaba vinawaonyesha ndugu wa karibu zaidi wa pengwini walio hai kuwa ni jamii ya albatrosi, mabingwa wa kupaa juu ya bahari kwa siku nyingi. Ukoo mmoja, matawi mawili, kila moja likaenda mwisho wa njia yake.

Na kizuizi cha uzito kilipoondoka, walikua kweli. Pengwini aitwaye Kumimanu fordycei, aliyetangazwa mwaka 2023 kutokana na visukuku vya New Zealand vya miaka milioni 57 hivi, anakadiriwa kuwa na kilo 150. Huyo ni ndege mzito kuliko watu karibu wote tunaowajua.

Hapo utaona pia kwa nini barafu haiwezi kuwa sababu. Wakati huo dunia ilikuwa na joto zaidi kuliko leo na Antaktika haikuwa imefunikwa na barafu kama sasa. Pengwini walikuwa pengwini mamilioni ya miaka kabla ya barafu ile. Kati ya spishi karibu 18 zilizopo leo, chache tu ndizo zinazozaliana kwenye Antaktika yenyewe. Mmoja anaishi visiwa vya Galápagos, pale pale kwenye ikweta inayopita Kenya na Uganda. Wanachohitaji si barafu bali bahari yenye samaki wengi, na mara nyingi hiyo ni bahari yenye mkondo baridi, kama Benguela unaopita pwani ya Namibia na magharibi mwa Afrika Kusini. Kijana aliyeuliza habari ya barafu amejibiwa. Na zile picha za pengwini akiwa na dubu mweupe ni uongo wa wachoraji: dubu yuko kaskazini, pengwini porini hayuko huko.

Ila kaskazini alikuwepo ndege mwingine, na huyu ananiuma kila nikimfikiria. Auki mkubwa alikuwa na urefu wa karibu sentimita 80, mgongo mweusi, tumbo jeupe, mabawa mafupi ya kuogelea, na hakuruka. Jina penguin lilikuwa lake kwanza; mabaharia wa Ulaya walipofika kusini wakaona ndege waliofanana naye, wakawapa jina hilo. Lakini hawakuwa ndugu. Auki ni wa jamii ya gilemoti. Koo mbili zilizo mbali, katika bahari mbili, zilifika kwenye umbo moja kwa sababu maji yaliziuliza swali lilelile. Jozi ya mwisho inayojulikana iliuawa Juni 1844 katika kisiwa cha Eldey, Iceland. Watu waliwatafuta kwa nyama, mafuta na manyoya yao, na nchi kavu auki hakuwa na namna ya kukimbia.

Ndiyo maana si kila ndege mwogeleaji anaweza kuthubutu. Kuruka ni chakula cha mbali, lakini pia ni kuokoka. Anayeacha kuruka anahitaji mahali pa kutagia pasipo na wawindaji wa miguu minne, na mahali hapo mara nyingi ni kisiwa. Mnandi wa Galápagos alipapata. Ndugu huyu wa mnandi wetu haruki kabisa. Mabawa yake ni karibu theluthi moja ya ukubwa ambao angehitaji ili aruke. Lakini yeye huogelea kwa miguu, kama mnandi wa Mwanza, kwa hiyo bawa lake halikupata kazi mpya. Lilipungua tu. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha mabadiliko katika vile vinavyohusika na ukuaji wa mifupa. Kwingineko, kinda aliyezaliwa na kasoro kama hizo angekufa njaa au kuliwa. Pale, samaki wako hatua chache kutoka kiota na hakuna wa kumwinda nchi kavu, kwa hiyo aliishi akazaa.

Sasa turudi Afrika Kusini. Pengwini wa Afrika huzaliana hasa kwenye visiwa kama Robben na Dassen. Mwaka 1982 jozi mbili zilianza kutagia ufukwe wa Boulders, karibu na mji wa Simon's Town, na leo watalii hupanga foleni kuwaona. Lakini bara wanakutana na simbamangu, na nchi kavu pengwini ni windo rahisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 pengwini hawa walikuwa zaidi ya milioni moja. Watu walikusanya mayai yao kwa miongo mingi, na walichimba mbolea ya samadi ya ndege ambamo pengwini walikuwa wakichimba viota vyenye kivuli. Siku hizi tatizo kubwa ni chakula: sadini na dagaa wa baharini wamepungua, na kwa sehemu wamehamia mashariki.

Na hapa swali la mwanzo linapata jibu lake. Ganeti wa Cape, ndege mweupe anayeruka, anakula samaki walewale. Naye ana shida zake, lakini samaki wakisogea kilomita mia anaweza kuwafuata na kurudi kwa kinda. Pengwini anayelea kinda hawezi. Kila kilomita anaiogelea, kinda anangoja kiotani, na wigo wake ni makumi machache tu ya kilomita kutoka kisiwani. Tena kila mwaka hukaa nchi kavu karibu wiki tatu akibadilisha manyoya yote kwa pamoja. Wakati huo hawezi kuingia majini wala kula, kwa hiyo lazima awe amenenepa kabla. Mapatano waliyoyavunja babu zake yaliwapa kina cha bahari na kuwanyang'anya umbali, na kwa miaka milioni 60 biashara hiyo ililipa, kwa sababu samaki walikuwepo karibu.

Machi 2025 makubaliano kati ya wahifadhi, wenye viwanda vya uvuvi na serikali ya Afrika Kusini yalifanywa kuwa amri ya mahakama mjini Pretoria. Kwa miaka kumi, uvuvi wa kibiashara wa sadini na dagaa umezuiwa katika maeneo ya bahari yanayozunguka makazi sita makubwa ambako pengwini huzaliana. Ramani za maeneo hayo zilichorwa kwa kufuata mahali ambapo ndege waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa walionekana kweli wakiogelea kutafuta chakula cha makinda wao.